Sauti ya Jambazi

Kama hujawahi kuingia kwenye banda la video, nitakueleza kidogo, maana siku hizi kila mtu ana sinema yake mkononi na anacheka peke yake kama chizi. Banda lilikuwa chumba kirefu cha mabati, mabenchi ya mbao zisizopigwa randa, kitambaa cheupe ukutani, na joto la kumfanya mtu mzima avue shati bila aibu. Filamu zilitoka nchi za mbali na zilisema lugha za huko. Nani angezielewa? Kwa hiyo pembeni ya kitambaa, juu ya kiti kirefu, alikaa mtu na kipaza sauti akawasemea wote: steringi anayeshinda mwishoni, jambazi, mjane, polisi, na farasi ikibidi. Huyo ndiye mtafsiri. Katika banda la mtaa huu mtafsiri aliitwa Kasuku, na hakujua hata neno moja la lugha yoyote ya filamu hizo.

Hilo halikuwa siri na halikumkera mtu. Asubuhi alikuwa akiitazama filamu mara moja, peke yake, sauti imezimwa, anakunywa chai na kujikuna shingo. Mchana anaingia nayo kama mtu aliyeizaa. Wazee wakizozana juu ya farasi, kwa Kasuku walikuwa mashemeji, na mmoja amekataa kurudisha redio aliyoazima. Mjane akilia dirishani, kwa Kasuku alikuwa analilia bei ya sukari. Watu walicheka mpaka mabenchi yakavunjika, na si maneno tu, seremala wa mtaa alikuwa na kazi ya kudumu pale. Wajuaji wachache waliolalamika kwamba sivyo inavyosemwa waliambiwa waende wakakae na huyo aliyeisema.

Lakini banda halikujazwa na utani wa sukari. Lilijazwa na jambazi. Na jambazi wa Kasuku, awe na ngozi gani, kofia gani, apande farasi au gari, alikuwa mtu wa bondeni.

Watu wa bondeni unawajua, hata kama kwenu wanaitwa jina lingine. Ni wale waliohamia kutoka chini kule mto unakofurika, wakashika kazi ambazo wenyeji walizidharau, kisha wenyeji wakawachukia kwa kuzifanya. Walisema lugha ile ile ya kila mtu, ila waliburuza mwisho wa maneno kama mtu anayevuta kiti sakafuni: nakujaaa, nimechokaaa. Basi, hilo tu. Lakini juu ya hilo tu watu walijenga ghorofa. Eti wana sumu kwenye kucha. Eti wanazika maiti wao wima. Mtu wa bondeni akikusalimia asubuhi, nenda kahesabu kuku.

Kasuku akiburuza neno moja, jambazi bado hata hajashuka farasi, banda zima linaguna. Jambazi akimshika mjane mkono, ndala zinaruka kuelekea kwenye kitambaa. Na steringi akimpata, akampiga, au afadhali zaidi akamnyonga taratibu, hapo ndipo Dereva alipokuwa anasimama. Huyu alikuwa dereva wa lori la mchanga, mwenye benchi lake la mbele ambalo hakuna aliyethubutu kulikalia. "Mmalize!" alikuwa akipiga kelele, mishipa ya shingo imemtoka. "Mmalize na kizazi chake!" Kasuku naye anamfanya jambazi aombe: nisameheniii, jamaniii. Kadiri alivyoburuza ndivyo walivyofurahi. Walitoka wamelowa jasho, wanapeana mikono, wana nyuso za watu waliofanya kazi ya maana.

Sasa nikwambie jambo ambalo mtaa haukulijua. Kasuku mwenyewe alikuwa mtu wa bondeni, kwa baba na kwa mama.

Baba yake alikuwa fundi baiskeli. Mwaka ule watu wa bondeni walipofukuzwa majumbani mwao, Kasuku alikuwa mtoto wa kuanza kung'oka meno ya utoto. Mama yake alimfunika kwa karai kubwa la kufulia, akatupa nguo mbichi juu yake, akamwambia asitoe hata pumzi. Karai lilikuwa limepinda ukingo, na kwenye upenyo ule mtoto aliona miguu. Aliitambua. Viatu vya mwalimu, ndala za muuza maziwa, watu ambao baba yake alikuwa amewazibia pancha wiki hiyo hiyo. Baba alisema, "Jamaniii, si mnanijuaaa." Hawakumwacha aseme lingine. Mtoto alikaa chini ya karai na mkojo wake mpaka jua lilipobadilisha upande, na alipotoka alikuwa amejifunza kitu ambacho hakuna shule inayokifundisha, kwamba kinachomuua mtu ni mdomo wake.

Wengine huogopa giza, wengine nyoka. Yeye aliogopa mdomo wake mwenyewe. Alilala na kitambaa kati ya meno asije akaota kwa sauti. Samaki mkunje angali mbichi, na yeye alikunjika upesi: kabla ya mvua nyingine kunyesha alikuwa akikata maneno kama mtoto yeyote wa mjini. Mama yake hakuweza. Alijaribu, maskini, usiku kucha kwa kunong'ona, mtoto akimsahihisha mama, na kila neno likaburuza mkia wake vile vile. Ndipo mama akaamua kunyamaza. Mbele za watu alikuwa bubu.

Walihama mtaa baada ya mtaa. Walipofika huu wa banda la video, Kasuku ameshakuwa mwanaume mwenye ndevu, mama ndiye aliyetoa shauri. "Usiseme mimi ni mama yako," alimnong'oneza wakiwa bado wanafungua mizigo. "Sema umeniokota stendi. Siku nikijulikana, wewe usijulikane." Kasuku alikubali. Hakubisha hata kidogo kwa adabu, kama vile mtu anavyokataa chakula kwanza kabla ya kukila. Alikubali mara moja, na mama aliona.

Kwa hiyo mtaa ulimjua bibi kizee kwa jina la Bibi Bubu, na Kasuku akasifiwa kwa kumtunza mtu asiye wake. "Huyu kijana ana roho," walisema. Hakuoa. Mke ni masikio mawili ndani ya nyumba, na usingizini mtu hajui anaburuza nini.

Bibi Bubu alipendwa, usidhani hakupendwa. Na alipendwa kwa sababu moja ya ajabu. Mtaa mzima ulikuwa ukimwambia siri zake. Alikuwa anafua nguo za watu uani, na mwanamke akileta furushi lake anaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa na kumwaga ya moyoni, maana atamwambia nani, huyu hana ulimi. Mama Mkaa, muuza mkaa wa nyumba ya pili, ndiye aliyekuwa mteja mkubwa. Alikuja hata bila nguo za kufua. Alimweleza kwamba mtoto wake wa mwisho si wa mumewe. Mke wa Dereva alimweleza jinsi alivyopata makovu ya mgongoni. Hata Dereva mwenyewe siku moja, amelewa, alimlilia yule bibi kama mtoto, akamwambia jambo lililotokea barabarani, na mtu ambaye alimgonga kwa lori, akamwacha kwenye nyasi, akaendelea na safari. Bibi aliwashika mikono wote, akatikisa kichwa, akasuuza nguo. Walikwenda zao wepesi. Hakuna aliyewaza kwamba mtu asiyesema si lazima awe mtu asiyesikia.

Turudi kwenye jambazi. Siku ya kwanza Kasuku alipopanda kile kiti kirefu, Dereva alimkazia macho, akamwuliza mbele ya watu, "Wewe sura hiyo umeitoa wapi?"  Kasuku akafanya wanachofanya waoga wenye akili. Jambazi wa kwanza alipotokea alimpa sauti ya bondeni, na banda likapasuka kwa kicheko, Dereva wa kwanza. Nani atamshuku anayewachekesha? Nyani haoni kundule, lakini huyu aliliona lake vizuri sana, akamvisha mwingine.

Na sauti ile hakuitunga. Mtu hatungi upesi hivyo. Alikuwa na sauti moja tu ya bondeni aliyoijua mwanzo mpaka mwisho, kikohozi chake, uchovu wake, namna inavyopanda kabla ya kuburuza. Ni ya baba yake. Kila jioni yule fundi baiskeli alikuwa anafika nyumbani mikono imejaa grisi, hawezi kushika mlango, anaita kutoka nje: "Mama watotooo, niko mlangoniii. Nifungulieee, nimechokaaa." Maneno hayo Kasuku alimpa jambazi kila alipokwenda kuvunja nyumba ya mjane. Watu waliyangoja. Walikuwa wanayasema pamoja naye, banda zima. Mwanzoni akitoka kazini alitapika nyuma ya choo. Baadaye hakutapika tena.

Mama hakujua. Aliambiwa kazi ni kusoma maelezo ya sinema, na banda lilikuwa mbali kiasi kwamba kelele zake zilifika uani kama mvumo tu. Jioni walifungulia redio kubwa, na chini ya kelele zake wakanong'ona.

"Leo umesema nini huko?" mama alikuwa akiuliza.

"Mambo ya sinema tu, mama. Watu wanapigana, mmoja anashinda."

"Nani anashinda?"

"Mwenye haki."

Mama alikuwa anacheka kwa pua, bila sauti, alivyozoea. Siku za mwisho alianza kupotelewa na mambo. Aliweka sabuni kwenye sufuria. Alimwita mwanawe kwa jina la mumewe, kisha akajirekebisha kwa aibu. Jioni moja alisema, "Mwanangu, sauti yangu imekuwaje? Nataka nipige kelele hata mara moja niisikie." Kasuku akaongeza redio.

Kisha soko likaungua. Liliungua mchana kweupe, upande wa mitumba, moto ukala mabanda yote mpaka kwa wauza vyombo. Waliojua walisema ni waya wa umeme uliokuwa umechubuka siku nyingi. Lakini waya hauna baba wala mama, huwezi kuukasirikia. Kufika jioni kila mtu alikuwa na hakika ni watu wa bondeni. Familia zao mbili zilizoishi karibu na machinjio zilitolewa nje na magodoro yao yakachomwa. Mzee mmoja wa familia hizo hakuonekana tena, na hakuna aliyeuliza.

Mwenye banda, ambaye kila mtu alimwita Tajiri ingawa viatu vyake vilimkana, aliona biashara. Alinunua spika kubwa yenye mdomo mpana, akaifunga juu ya paa. "Sasa hata aliye chooni atasikia," alimwambia Kasuku. "Na Jumamosi tunaweka ile filamu yenye moto. Unanielewa? Tia chumvi kidogo. Watu wana machungu, wape pa kuyatolea."

Kasuku alielewa. Ilikuwa filamu ya jambazi mwenye kovu anayechoma ghala la nafaka, na haikuhitaji akili nyingi kuligeuza ghala kuwa soko. Alijua anachokifanya? Alijua nusu. Nusu nyingine alijiambia kwamba wakicheka hawatapiga, na kwamba mtu akishamuua jambazi kwenye kitambaa anarudi nyumbani amepoa. Wako wasomi wanaosema hivyo hivyo mpaka leo, tena kwa majina makubwa.

Jumamosi mchana banda lilijaa, wengine wakasimama mlangoni na kwenye madirisha. Kasuku hakuwahi kuwa hodari kama siku ile. Jambazi mwenye kovu aliwasha kiberiti, na kutoka juu ya paa mtaa mzima ukamsikia: "Nachoma sokooo. Wenyeji walaleee njaaa." Mtu mmoja alilia kwa hasira. Dereva alikuwa amesimama tangu mwanzo, hajakaa kabisa. Kisha jambazi akafunga farasi nje ya nyumba ya mjane, akapanda ngazi, akainua mkono kugonga, na banda likanyamaza kungoja maneno yake.

"Mama watotooo," alisema Kasuku. "Niko mlangoniii. Nifungulieee, nimechokaaa."

Uani, mama alikuwa ameloweka shuka. Mvumo wa siku zote sasa ulikuwa una maneno, na maneno yalikuwa na mwenyewe. Aliacha shuka kwenye maji. Alitoka na mikono yenye povu, akaifuata sauti ya mumewe barabarani, kichwa wazi, ndala mguu mmoja. Waliomwona walidhani anakwenda kutazama sinema kama watu wengine.

Filamu zile zina mtindo wa kuchelewesha mambo. Jambazi aligonga, mjane akajificha, jambazi akazunguka nyumba, akarudi akagonga tena. Kasuku akarudia maneno kwa sababu watu walitaka. "Nifungulieee, nimechokaaa!" Banda lilisema pamoja naye. Ndipo sauti nyembamba ya kukwaruza ikajibu kutoka mlango wa nyuma.

"Ingia, baba watotooo. Mlango uko waziii. Maji yako tayariii."

Watu walicheka, walidhani ni mtu anamwiga Kasuku. Walipogeuka kumtazama mwigaji huyo wakamwona Bibi Bubu, amesimama kwenye mwanga wa mlango, povu linamtiririka viwikoni, uso wake umefunguka kama wa msichana. Alikuwa akitazama huku na huku kumtafuta aliyemwita.

Kicheko kilikatika. Wa kwanza kusema alikuwa Mama Mkaa. Hakusema habari ya bondeni. Alisema, kwa sauti ndogo iliyojaa hofu, "Kumbe anaongea?" Kisha akapiga kelele, "Anaongea! Jamani, miaka yote hii anaongea!"

Na kila mmoja mle ndani akakumbuka alichowahi kumwambia. Ungeziona nyuso zao. Chuki ya bondeni ilikuwa ya jumla, mali ya wote, lakini hii ilikuwa ya kila mtu na yake. Mke wa Dereva alimtazama mumewe. Dereva hakumtazama mkewe, alimtazama bibi.

"Ni mtu wa bondeni," alisema. Alikuwa anatafuta kitu cha kusema mbele ya watu, akakipata. "Ni mpelelezi wao. Hawa ndio waliochoma soko."

Walimshika mikono. Povu liliwafanya wateleze, wakamshika nywele. Mtu mmoja akamwonea Kasuku huruma: "Pole, ndugu yangu! Umemlisha nyoka!" Bibi akageuza shingo kuelekea kiti kirefu, na hapo, naamini, akili yake ilimrudia yote. Alimwona mwanawe na kile chombo mkononi. Aliitazama picha ya jambazi ukutani, mkono umeinuliwa kugonga. Alielewa sauti ya mumewe ilikuwa ikifanya kazi gani mahali pale.

Angeweza kumwita. Neno moja tu, mwanangu, na lingeburuza lenyewe.

"Kijana wa watu hana kosaaa," alisema. "Nilimdanganyaaa. Hajui kituuu."

Wakamtoa nje. Nusu ya watu walitoka nao, nusu wakabaki kwa sababu hawakutaka kupoteza nafasi zao. Tajiri alimsogelea Kasuku akamgonga goti. "Endelea. Filamu inakwenda, watu wamelipa."

Kasuku alikaa pale juu. Hofu yake yote ya tangu utotoni ilikuwa imefika kumtembelea, na kumbe haikumtaka yeye. Alichotakiwa kufanya ni kutofanya kitu. Mama alikuwa ameshamtengenezea njia, kama siku ile ya kufungua mizigo, na safari hii pia ilitosha akubali tu. Najua ninyi mnaosoma mmeketi vizuri mnasema mngeruka papo hapo. Haya. Yeye hakuruka. Alikaa mpaka jambazi akavunja mlango wa mjane, na kwenye spika hakukuwa na sauti ila pumzi zake.

Kisha akasema, kwa lugha ya mjini, iliyokatwa vizuri, "Huyo ni mama yangu."

"Kasuku bwana!" mtu alisema. "Ana huruma kupita kiasi."

"Ni mama yangu mzazi. Mwacheni."

Hawakumsikiliza. Walikuwa wanamwambia mtafsiri arudi kazini. Ndipo akaufungua mdomo wake na kuuacha uende wenyewe, ule mdomo wa kwao ambao hakuwahi kuutumia mchana mbele ya watu kwa ajili yake mwenyewe.

"Ni mama yangu, jamaniii. Mimi ni wa bondeniii. Msimuueee."

Kwenye kitambaa jambazi mwenye kovu alikuwa ameshika kiti, anamfokea mjane, mdomo wake unakwenda. Maneno yalimwenea kabisa. Banda likapasuka. Walipiga mabenchi, wakapiga miguu, mtu akaanguka kwa kucheka akamvuta jirani yake. Jambazi analilia mama yake! Hiyo hawakuwahi kuisikia. Kasuku akarudia, akapiga kelele, akalia kweli, na kadiri alivyolia ndivyo sauti ya bondeni ilivyomtoka nzito zaidi, na ndivyo walivyomshangilia. Juu ya paa spika ilipeleka kila neno nje. Kutoka nje pia alisikia kicheko, kicheko cha watu wenye kazi mikononi.

Alitupa kipaza sauti akatoka. Mlangoni walimpiga piga mgongoni kumpongeza.

Walikuwa wamemfikisha bibi kwenye mfereji wa maji machafu, ng'ambo ya duka la vipuri. Hawakuwa wengi kama unavyofikiria. Mama Mkaa alikuwepo, amejishika kichwa, anasema, "Basi, basi jamani, inatosha," na mkono wake mmoja ulikuwa bado una tofali. Dereva alikuwa anahema. Kasuku aliwapitia katikati akashuka mferejini, akamgeuza mama yake uso ukaelekea juu.

"Toka huko, Kasuku," alisema Dereva. "Usijichafue. Umetuchekesha vya kutosha leo."

"Ni mama yanguuu."

Walicheka tena, wamechoka, kama watu wanaocheka mzaha uliozidi muda wake. Mmoja alisema, "Huyu hata huku anaigiza."

Basi akawaambia. Hakupiga kelele sasa. Aliwaambia habari za fundi baiskeli, na viatu vya mwalimu, na ndala za muuza maziwa, na karai lililopinda ukingo. Aliwaambia amekojoa humo. Aliwaambia kwamba jambazi wanayempenda ni baba yake, kikohozi kile ni cha baba yake, yale maneno ya mlangoni ni ya mtu aliyetoka kazini na mikono michafu na alikuwa anataka kufunguliwa na mkewe. Kila neno lilikwenda na mkia wake, na hakulikata hata moja. Alizungumza hivyo kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuzungumza bila kitambaa pembeni yake.

Kicheko kilikufa mbele kwanza, waliposimama waliomjua vizuri, kisha kikafa na nyuma. Mama Mkaa aliangusha tofali akakimbia. Wengine walikuwa wanatazamana. Kasuku aliona kwamba sasa wamemwamini, na lililomjia moyoni lilikuwa furaha, sijui nikueleze vipi, furaha ya mtu aliyetua mzigo. Lile alilolikimbia tangu chini ya karai lilikuwa limemfika na alikuwa bado anapumua. Alikuwa haogopi tena. Alitaka kumwambia mama.

Akainama kumwambia, akaweka sikio lake mdomoni pake, akangoja. Akangoja tena. Mama alikuwa amekwisha kufa, na Kasuku hakuwa na namna ya kujua kama ilikuwa kabla ya spika kusema au baada yake, kama alisikia akiitwa mama hadharani au aliondoka akisikia kicheko tu. Jambo hilo ndilo analouliza mpaka leo, ukikaa naye kwa muda wa kutosha.

Alimweka kichwa mapajani akamfuta povu na matope. Juu ya mfereji Dereva aliinama akaokota jiwe. Hakuwa na haraka. Jiwe hilo lilimpata Kasuku kwenye bega la kulia, na bega hilo mpaka sasa halinyanyuki vizuri.